Barua kwa mwanangu: maharagwe ya kuhesabia

Majengo, Nairobi

Mwanangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na mamako, asije akasema baadaye kwamba nilikusikia vibaya. Unasema kamati ya mtaa wenu huko Kayole inamwaga slabu ya zege ya maktaba ya watoto Jumamosi hii usiku, na vijana wote wametakiwa wakeshe. Kisha ukauliza: "Baba, mimi ni karani, mikono yangu laini. Si bora nitume elfu mbili kwa M-Pesa, nilale zangu?"

Tuma hizo elfu mbili. Halafu nenda.

Nianze na hilo la usiku, maana ulilichomeka katikati kama lawama. Slabu haimwagwi nusu leo, nusu kesho. Zege huanza kushika baada ya saa chache tu, na ukimwaga jipya kando ya lililokwisha shika, hayaungani sawasawa. Hubaki mshono, na mshono ndio njia ya maji na nyufa. Ukianza, umalize. Sasa wanaojitolea ni akina nani? Ni watu wa mjengo wanaotoka kazini saa kumi na moja jioni, akina mama wa sokoni, makondakta. Mchana hawapo. Isitoshe, mchana hiyo njia yenu imejaa meza za nyanya na mitumba. Lori la kokoto litapita wapi? Na maji ya mgao, kama kwenu ni kama kwetu, huja watu wamelala. Mimi, kusema kweli, ningeanza Jumapili alfajiri, maana macho ya usiku hudanganya. Lakini sikuulizwa.

Tuje kwenye mikono laini. Sijapata kukusimulia usiku wangu wa slabu, nawe ulikuwa bado unatambaa. Tulikuwa tunajenga darasa la chekechea, hapa hapa nyuma ya kwetu. Nimetoka Gikomba na vumbi la pamba puani, fundi wa cherehani mimi, nikajitokeza na beleshi la kuazima. Fundi mkuu akanitazama juu hadi chini, akasema: "Wewe utahesabu." Nikaona nimedharauliwa. Wenzangu wamejipanga kwenye daraja la mbao kama siafu, karai zinapita mkono kwa mkono, mmoja anaita "Harambee!" na wengine wanaitika, na mimi nimesimama kando ya mashine ya kuchanganyia, mfuko umejaa maharagwe.

Maharagwe niliyaomba kwa mama aliyekuwa akipika githeri. Kila mfuko wa saruji wa kilo 50 ulikwenda na visanduku viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, kisanduku chenyewe kikiwa na ujazo wa mfuko huo. Maji lita kama 25, yaani mtungi mmoja na robo. Mchanganyo ukiisha, nahamisha punje moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia.

Hadi saa saba nilikuwa mtu muhimu. Saa nane baridi ya Julai ikaingia kwenye mifupa, nikaketi juu ya mifuko mitupu pale penye joto la injini. Niliposhtuka, kiganja kilikuwa kimejaa maharagwe na sikujua ni ya kushoto au ya kulia. Mashine inazunguka. Zege linalotoka linatiririka kama uji wa mgonjwa. Vijana walikuwa wamechoka, na zege zito huvunja mgongo, basi mmoja akaongeza maji, na mwenzake akaongeza tena. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini maji yakizidi, zege huwa jepesi kulibeba na kulisawazisha, na likikauka yale maji ya ziada huacha vitundu ndani. Nguvu imekwenda. Nami nilisema nini? Sikusema kitu. Niliona haya kukiri kwamba nililala. Nikahamisha punje tatu za kubahatisha, kazi ikaendelea.

Wiki tatu baadaye mbao za chini zilipotolewa, fundi mkuu alipita akigonga kwa nyundo. Ngo, ngo, ngo. Kwenye kona ya mwisho: pfu. Akakwaruza kwa msumari, ukamwagika unga. Akanitazama, akanikabidhi nyundo, akaondoka. Jumamosi mbili nilivunja ile kona, na watu wakachanga upya saruji.

Kwa hiyo migongo mtakuwa nayo tele huko Kayole. Saa tisa usiku watamhitaji mtu ambaye hajachoshwa na karai, ana daftari, na haoni haya kusema "maji basi!" hata kwa mtu aliyemzidi umri. Wewe ulirudi dukani kutoka kituo cha basi kwa ajili ya chenji ya shilingi tano. Nani mwingine?

Ila nenda mchana kwanza. Ingia chini ya mbao zitakazobeba zege bichi, tikisa nguzo za kuegemezea moja moja. Isiwepo inayoyumba, wala iliyosimamishwa juu ya mawe yaliyolegea. Uliza kama mchoro umepitishwa na kaunti, kama mradi umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na ni mhandisi gani aliyekagua vyuma kabla havijafunikwa. Wakikujibu "hii ni ya jamii tu, haina haja", rudi nyumbani na udai elfu mbili zako. Unakumbuka Huruma, Aprili 2016, lile jengo la ghorofa 6 lilivyolala chini usiku wa mvua. Unakumbuka Dagoretti, Septemba 2019, darasa lililoporomoka likaua watoto 8. Hii yenu nayo ni ya watoto.

Vaa gambuti na sweta mbili. Usipige magoti kwenye zege bichi, linachoma ngozi polepole bila wewe kujua. Likikurukia, osha papo hapo. Mkimaliza saa kumi usitoke peke yako, subiri kupambazuke.

Na likishashika, mtalimwagia maji asubuhi na jioni kwa siku 7, lisikauke upesi likapasuka. Hapo ndipo watu hupotea. Jumamosi wako hamsini, Jumatano utamkuta mlinzi na mtungi wake. Jiandikishe Jumatano, ukitoka kazini.

Mamako amekufungia kikombe cha maharagwe, atakupa Ijumaa ukija. Amechagua yale mekundu, yaonekane kwenye taa. Anasema mpishi asiyaone.

Babako