Sampuli ya maandishi ya kuombea uhadhiri Marekani: tuma ile sura ya kipande, ya nadharia iache

Mkuu, kwa wanaoingia hapa bila kusoma swali: jamaa anamalizia PhD ya historia, tasnifu yake ni ya manamba (vibarua wa mkataba waliokusanywa kutoka mbali) wa mashamba ya mkonge Tanga, anaomba uhadhiri Marekani na tangazo linataka sampuli ya maandishi isiyozidi kurasa 30. Mkononi ana vitu vitatu. Ana sura ya kwanza ya nadharia ambayo supavaiza wake anaisifia sana, ana makala iliyokwishatoka jaridani lakini wameandika wawili na huyohuyo supavaiza, halafu ana sura ya tatu ya kipande (ile kadi ya kuhesabia siku za kazi za kibarua) na malalamiko ya wafanyakazi ambayo yeye mwenyewe anaiona ndogo. Mi nasema tuma ya tatu. Hizi kazi nimeziomba, na baadae nikiwa mhadhiri mdogo nikawekwa kwenye kamati ya kuajiri, kwahiyo nimeona mafaili yanasomwaje.

Yanasomwa hivi: mwanzoni watu wanapitia barua na CV tu, sampuli wengi hawaifungui kabisa na vyuo vingine hata hawaiombi mpaka wakishachuja. Ikibaki orodha fupi ndo mtu anaifungua, usiku, mchana kutwa kafundisha, na hapo kumbuka wengi wao sio watu wa Afrika. Kwetu alikuwepo mtu wa historia ya Uchina na mwingine wa Ulaya ya zama za kati, Korogwe hawaijui wala SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kukusanya vibarua, hawajawahi kuisikia. Mtu kama huyo hakai kuhesabu umewataja wananadharia wangapi. Barua yako imemwambia wewe ni mtafiti unayejua kukaa na nyaraka, sasa anataka akuone unafanya hiyo kazi mbele yake.

Sasa sura ya nadharia haimuonyeshi. Inaonyesha umesoma, na wote waliofika hapo wamesoma. Supavaiza anaipenda kwa sababu ndo inabeba tasnifu nzima, ila msomaji wa kamati hana hiyo tasnifu, ana hizo kurasa 30 tu.

Angalia ulichotubandikia kwenye sura ya tatu. Kibarua analalamika kwamba kamaliza kazi yake ya siku, nyapara kakataa kuiandika kwenye kadi, na kadi isipojaa siku 30 mshahara hauji, hata kama huu ni mwezi wake wa pili shambani. Wewe ukachukua barua yake kwenye jalada la Nyaraka za Taifa, ukaiweka pembeni ya maelezo ya meneja wa shamba kwa ofisa wa kazi, ukaonyesha kwamba wote wawili wanazungumzia siku ileile na wanaihesabu tofauti. Mkuu hiyo ndo sampuli! Mtu wa Uchina anaelewa hapohapo, ugomvi wa siku ya kazi ni nini na nani anaihesabu, haihitaji ajue mkonge uliletwa na yule Mjerumani Hindorf 1893 wala nini. Na wewe eti unaiita ndogo kwa sababu ni wilaya moja na miaka michache.

Lakini usiitume kama ilivyo. Hiyo barua ya kibarua imekaa ukurasa wa 8, kabla yake kuna mapitio ya maandiko, historia ya mkonge toka Mjerumani, halafu eti "kama tulivyoona katika sura iliyopita". Wengine hawafiki ukurasa wa 8. Ilete ukurasa wa kwanza au wa pili, hoja yako iseme wazi kabla ukurasa wa tatu haujaisha, mapitio yote yapunguze yawe aya mbili na mengine yashushe kwenye tanbihi. Kila "sura iliyopita" na "sura ijayo" futa. Kipande na manamba vieleze kwa sentensi mojamoja pale vinapotokea mara ya kwanza, SILABU vilevile (ofisi ya wenye mashamba ya kukusanya vibarua, 1944, inatosha). Na kurasa 30 maana yake 30, nafasi mbili kati ya mistari, usicheze na saizi ya herufi, watu wanaona. Hapo una kama maneno elfu nane hivi.

Juu kabisa weka kijiaya kimoja, nusu ukurasa isifike: hii ni sura ya tatu kati ya ngapi, tasnifu nzima inasema nini, na hapa nimekata sehemu gani. Watu wengi wanakiruka hiki na sijui kwanini, maana ndo kinamfanya msomaji asikulaumu kwa vitu ambavyo viko sura nyingine.

Kuhusu makala ya watu wawili, kwenye historia iache kwenye CV. Sio mbaya, ila ukiituma kila sentensi nzuri msomaji anajiuliza ni ya nani, na profesa mwenye jina ndo atapewa sifa. Tena iliyokwishachapishwa wakitaka wataitafuta wenyewe, sampuli inawapa kitu ambacho hawawezi kukipata kwingine. Ingekuwa makala ya peke yako, ya karibuni na inatoka kwenye tasnifu hiihii ningekwambia fikiria. Ila hii ni historia, msije mkachukua ushauri huu mkaupeleka kila mahali, wachumi wana utaratibu wao wa kutuma ile makala moja kuu ya kutafutia kazi na wanaipika miaka.

Ukauliza pia kama ubadili utume sura ya tano kwa kuwa tangazo linasema wangependa mtu wa historia ya mazingira. Hapana. Umesema mwenyewe ya tano bado mbichi, na andiko bichi linaonekana bichi hata kama mada ndo yenyewe. Hilo la mazingira liseme kwenye barua ya maombi, aya nzima ukitaka, elezea udongo na mashine za kusindika na maji. Sampuli iwe kitu chako bora.

Wanaouliza kama vyuo vya nyumbani vinataka hii kitu: sana sana utaulizwa GPA, ile 3.8 ya digrii ya kwanza tunaijua wote, na machapisho ukipanda vyeo. Kwahiyo hakuna aliyetufundisha kuchagua sampuli, na wengi tunaishia kutuma sura ya kwanza kwa kuwa ndo ya kwanza.

Matangazo mengi ya historia yanafungwa Oktoba na Novemba, anza kukata sasa. Ukishaivuta ile barua ya kibarua mbele nitumie kurasa tano za mwanzo PM nikuangalizie, na mpe pia mtu ambaye sio wa historia kabisa azisome, akikuuliza kipande ni nini ujue hujaeleza.