Ukitunga baitikodi kwa bilda, mpangilio wa staki bado ni kazi yako

Ukiandikia programu vyama vya ushirika huku nyanda za juu kusini, utagundua kwamba hesabu yenyewe si ngumu, ila haitulii. Chama cha kahawa Mbozi kinakata mkopo wa pembejeo kivyake, cha chai Rungwe kivyake, na mkutano mkuu ukikaa makato yanabadilika tena. Kanuni hizo ukizifungia ndani ya programu, kila msimu utapigiwa simu urudi. Kwangu karani anaandika fomula kwenye kisanduku, programu inaigeuza kuwa funksheni ya baitikodi (amri fupi za baiti) ya WebAssembly, muundo wa programu ambao vivinjari vinauelewa, na kivinjari kinaiendesha hata intaneti isipokuwepo.

Vijana wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, huniuliza kwa nini nisitumie eval ya JavaScript, inayoendesha maandishi yoyote kama programu, yaishe. Kwa sababu eval inaikabidhi fomula ukurasa mzima. Funksheni ya WebAssembly inaona vigezo vyake na kile ulichoamua kuipa, basi.

Kabla hujagusa bilda yoyote, yaani maktaba inayokutungia baitikodi, andika funksheni moja kwa mkono. Chukua malipo = kilo × bei − makato, zote i64 (namba kamili za biti 64), maana pesa haikai kwenye namba za desimali zinazoelea:

20 00 20 01 7e 20 02 7d 0b

Hizo ni baiti kwa heksadesimali, namba za msingi wa 16. Hapo 20 inachukua kigezo, na baiti inayofuata inasema kipi: 00 ni kilo, 01 ni bei. Vyote viwili vinapanda kwenye staki, rundo ambalo cha mwisho kupanda ndicho cha kwanza kushuka. 7e inavishusha, inavizidisha na kupandisha jibu. Kisha makato yanapanda, 7d inatoa, 0b inafunga. Fuatilia kwa kalamu staki ina vitu vingapi baada ya kila hatua: 1, 2, 1, 2, 1. Ikiishia na kisichokuwa kimoja, umekosea mahali.

Ukishaelewa hapo, bilda itakuondolea karaha za kweli. Mfano ni namba 64. Katika LEB128 yenye alama, namna WebAssembly inavyoandika namba hasi na chanya kwa baiti chache, ukiiandika kwa baiti moja 40 itasomeka hasi 64; inatakiwa c0 00. Bilda inajua hilo. Inajua pia urefu wa kila sehemu ya faili, na lebo za kuruka, ambazo WebAssembly inazihesabu kwa kina cha bloku na si kwa anwani.

Isichokijua ni unachokusudia. Kikaguzi cha WebAssembly, kinachopitia baitikodi kabla haijaendeshwa, kitakataa i32 (namba za biti 32) ikichanganywa na i64, kitakataa staki iliyobaki na kitu cha ziada, lakini ukipandisha makato kwanza na malipo baadaye kitapitisha bila neno, kwani aina ni zilezile. Kilo 64 kwa bei ya mfano ya 3,000, makato 12,000: badala ya 180,000 unapata hasi 180,000, na mkulima anaonekana mdaiwa wa chama. Kwa hiyo kila fomula mpya naipitisha kwenye leja ya msimu uliopita, ile karani aliyoijumlisha mwenyewe kwa kikokotoo. Ikipishana hata shilingi moja, haiendi ghalani.

Bilda zenyewe ziko za namna mbili. Binaryen inakutaka ujenge mti, i64.sub (kutoa) ikiwa imeibeba i64.mul (kuzidisha) ndani yake, halafu yenyewe inapanga staki. Nyingine, kama wasm-encoder ya Rust, unazipa amri moja baada ya nyingine. Fomula ikishachanganuliwa tayari ni mti, hivyo mimi nachagua ya kwanza bila kusita.

Walio upande wa Java wana java.lang.classfile, iliyokamilishwa rasmi katika JDK 24 mwaka 2025. Huko long moja (namba ya biti 64) inakula nafasi mbili, na nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo katika metodi tuli (static) yenye vigezo vya long kigezo cha pili kinakaa nafasi ya 2, si ya 1. Usizihesabu kichwani, iulize bilda kwa parameterSlot.

Kama fomula inapita mara chache kwa siku, achana na haya yote, tembea kwenye mti wenyewe na utoe jibu. Ila ukibaki kwenye baitikodi, zipe funksheni majina katika sehemu ya name ya faili, na hifadhi maandishi ya wat (baitikodi hiyohiyo katika maneno yanayosomeka) pembeni ya kila fomula. Karani akipiga simu kutoka Vwawa asubuhi ya malipo, heri kosa liseme makato_pembejeo kuliko funksheni namba 17.