Gari linachemsha mlimani: maswali yenu

*Probox yangu haina neno ndani ya mji. Nikishapita Salgaa nianze kupanda Sachangwan, mshale wa joto nao unapanda. Nimebadilisha pampu ya maji, wapi! (Dereva, Nakuru)*

Ungeanza na mfuniko wa rejeta (kile kipoza maji ya injini kilicho mbele), ndugu yangu. Pampu ni pesa nyingi za kubahatisha. Maji ya sufuria Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 91 hivi, na injini yako kazi yake iko palepale kwenye 90. Kinachoyazuia ni shinikizo ambalo mfuniko unalishikilia. Soma namba iliyo juu yake: 0.9 au 1.1. Wa 1.1 ukiwa mzima, hata Timboroa maji hayachemki kabla ya kama 118. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, umebaki na sufuria. Mjini huwezi kugundua kwa sababu injini haijabebeshwa mzigo. Nunua wenye namba ileile. Niliwahi kuletewa mfuniko uliozibwa kwa kipande cha tyubu. Maji ulishika, shinikizo hapana.

Mfuniko ukiwa mzima, shuku rejeta yenyewe. Maji ya kisima ukiyajaza mwaka baada ya mwaka, chumvi zake huganda ndani kama kwenye birika. Zima gari, na rejeta ikiwa vuguvugu ipapase, mkono mbali na feni. Penye baridi kuliko kwingine pameziba.

*Mimi ni kinyume. Barabara kuu sawa, nikikwama kwenye msongamano Kondele linachemsha. (Kisumu)*

Feni. Ukitembea upepo unaifanyia kazi. Ukisimama, imebaki yenyewe. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama: kwenye magari mengi ya feni ya umeme inapaswa kuanza kuzunguka. Ikigoma, kagua fyuzi na rilei (swichi ya umeme ya feni) kabla hujauziwa mota.

*Fundi anataka kutoa themostati, eti Kisumu kuna joto. (Mama wa teksi, Kisumu)*

Mkatalie, mama. Bila themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto) injini inachelewa kupata joto, inakunywa mafuta, na ugonjwa wenyewe umefichwa tu. Kama imekwama, iwekwe mpya.

*Maji yanapungua kila wiki, chini hakuna hata tone. (Kakamega)*

Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto, huenda gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya hedi, kile kichwa cha injini, na bloku) imeungua. Usiliendeshe tena, livutwe hadi gereji.

*Likichemka njiani, nimwagie injini maji baridi? (Molo)*

Hapana, hedi inaweza kupasuka. Zima, inua boneti, ngoja nusu saa au zaidi. Mfuniko usiuguse hadi mpira wa juu wa rejeta ubonyee na uweze kuushika bila kuungua.