Kiwanja kando ya korongo kavu Dodoma: angalia mlimani kwanza

Mkuu, umeuliza kama kiwanja cha kando ya korongo kina shida, maana dalali kakwambia Dodoma mvua ni haba na hapo muda wote ni mchanga mtupu. Haba ni kweli, milimita kama 550 hadi 600 kwa mwaka. Ila karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa hasira.

Niliwahi kuendesha lori la mchanga. Januari moja tulikuwa ndani ya korongo upande wa Mpwapwa tunapakia, jua la utosi. Mbali milimani kulikuwa na wingu jeusi na radi, tukaona halituhusu. Mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa ananywesha ng'ombe kwenye kisima cha mchangani akaanza kuwaswaga haraka haraka. "Wanangu, tokeni, mto unakuja." Utingo wangu akacheka: mto unakujaje? Mara mngurumo kama wa treni, na upepo wa baridi unaonukia udongo. Maji ya mbele yalikuwa mazito kama uji wa ulezi, yanasukuma vijiti, povu na samadi. Tulikimbia tukaacha makoleo. Lori lilibaki humo, na hadi hapo hakuna tone la mvua lililokuwa limetugusa.

Piga hesabu. Milimita 50 zikishuka kwenye kilomita 10 za mraba ni meta za ujazo 500,000, na kila moja ni tani nzima. Milima yetu ni mawe, chini udongo umekanyagwa na mifugo mpaka umekuwa sakafu, kwa hiyo maji hayanywei. Yanatafuta korongo lako.

Reli ya kati kipande cha Kilosa na Gulwe imeharibiwa na mafuriko mara nyingi, yakiwemo yale ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Hiyo ni reli, sembuse ukuta wako wa tofali za kuchoma. Na gari usijaribu: maji yakipita magoti kidogo tu, gari dogo linaelea.

Kama hujalipa, nenda na mtu aliyezaliwa hapo, si dalali. Halafu tazama miti ya kingoni. Ukikuta nyasi kavu na mifuko iliyochanika imenasa matawini juu ya kichwa chako, basi maji yalifika hapo.