Nani Atabaki Kijitoni?

Swali lenu la wiki hii, kwamba nani alipe gharama za kusafisha kijito cha hifadhi kilichochafuliwa na mgodi uliotelekezwa, limenigusa penye kidonda. Siku zote nimeshikilia kwamba aliyechimba ndiye alipe, na nilianza kuandika kwa nia hiyo. Hata hivyo, linalonisumbua zaidi ni nani atakayebaki pale kijitoni wasafishaji wakishaondoka.

Miaka kadhaa iliyopita nilijiunga na watu waliojitolea kutandaza mawe ya chokaa, ambayo hupunguza asidi ya maji ya mgodi, katika kijito cha namna hiyo, chini kidogo ya mdomo wa mgodi wa zamani. Maji yalipotoka yalikuwa maangavu, nami nikadhani ni salama, kumbe chuma kilichoyeyuka ndani yake huonekana pale tu asidi inapopungua na hewa kuingia, kikaganda kuwa tope la rangi ya chungwa. Tulibeba mawe kwa mikono kutwa nzima. Vipimo vya mwanzo vilionyesha asidi imeshuka, tukafurahi mno. Niliporudi baada ya miezi michache, kila jiwe lilikuwa limevaa gamba la kutu. Nilikwangua moja kwa kisu: ndani chokaa ilikuwa nyeupe, nzima, maji hayaifikii tena. Niligeuza jiwe baada ya jiwe nikitafuta mdudu wa majini, hata mmoja, nisimpate. Hakuna aliyekuwa amepangiwa kuyasugua wala kuyabadilisha mawe yale.

Paireti (madini ya chuma na salfa) iliyomo mwambani, ikikutana na maji na hewa, huzaa asidi ya salfa, na huendelea kuizaa hata kampuni ikishavunjwa. Nchini Afrika Kusini, maji ya asidi yalianza kufurika mwaka 2002 kutoka migodi ya dhahabu iliyoachwa karibu na Krugersdorp, yakaingia Tweelopiespruit, kijito kinachopita katika hifadhi ya wanyama.

Kwa hiyo nalegeza msimamo, japo kwa uchungu. Mchimbaji akipatikana, abanwe alipe. Asipopatikana, serikali ianze kulipa sasa, ingawa bado naona ni kumwonea mlipakodi, mradi katika fungu hilo iwemo mishahara ya watu wa kukagua mawe na kuzoa tope mwaka hadi mwaka. Fungu hilo likikosekana, ningesema kazi isianze kwanza, lakini hata hapo sina uhakika, kwa kuwa kwa zile wiki chache maji yale yalikuwa yamepata nafuu kweli.