Saa nane usiku si 8: Ushauri kwa anayepanga muda wa kutuma data kati ya seva

Nilipokabidhiwa seva za kliniki moja yenye matawi Mwanza, Mbeya na Dodoma, makao makuu yakiwa Dar es Salaam, kazi yangu ya kwanza ilikuwa mstari mmoja kwenye cron, programu inayoanzisha kazi yenyewe kwa saa iliyopangwa: 0 8 * * *, yaani saa 8 na dakika 0, kila siku. Mkuu wangu alikuwa amesema picha za eksirei na CT (kipimo kinachopiga picha nyingi za vipande vya mwili) zitumwe Dar kila siku saa nane usiku, nami nikaandika 8. Zaidi ya hapo, seva zilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kazi ikaanza saa tano asubuhi. Benchi za Mwanza zimejaa wagonjwa, laini ya intaneti imezibwa na picha za jana, na dada wa mapokezi hawezi kufungua faili la mama aliyemleta mtoto mwenye homa.

Nambari sahihi ilikuwa 23. Saa nane usiku ni 02:00 kwa hesabu ya kompyuta. Ukitoa tatu unaangukia 23 ya siku iliyotangulia. Hilo la siku nalo lina uzito wake, kwa sababu ukitaka kazi ifanyike alfajiri ya Jumapili peke yake, kwenye cron utaandika Jumamosi. Tangu hapo, ratiba yoyote ninayoletewa kwa mdomo huwa naiandika kwa namna tatu kwenye karatasi moja kabla sijagusa seva: saa ya Kiswahili, saa 24 za hapa nyumbani, na UTC. Na ziache seva zote kwenye UTC. Sisi hatubadilishi saa, lakini ukikodi seva Ulaya ukaiacha kwenye saa za huko, Machi na Oktoba zitakuja na usiku ambao saa moja inarukwa au inarudiwa, na kazi yako inaweza kuruka au kurudia pamoja nayo.

Saa ukishaipatia, hesabu ndiyo inayofuata, na hapa ndipo naona wengi wanapita haraka mno. Laini ya Mwanza ilikuwa megabiti 10 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti nane, ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, yaani gigabaiti 4.5 kwa saa. Ukitumia usiku mzima, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, ni saa saba, gigabaiti 31.5 kwenye karatasi. Mimi huhesabu theluthi mbili tu, kwa sababu laini haijai wakati wote: 21. Upande wa mzigo, picha moja ya CT ina nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili, kwa hiyo ni nusu megabaiti. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na picha 600, ambazo ni megabaiti 300. Wagonjwa 20 ni gigabaiti 6. Weka na eksirei, siku nzima haikuvuka 7. Usiku ulitosha, na nafasi ikabaki.

Kilichokuwa hakitoshi ni mzigo wa zamani. Tulikuwa na gigabaiti 600 za miaka ya nyuma, na kwa nafasi ya 14 iliyobaki kila usiku tungemaliza baada ya usiku 43. Tukazipakia kwenye diski, tukaifunga kwa nywila, ikapanda basi kutoka Mwanza na mfanyakazi wetu akiwa ameishika mkononi mwake. Usione aibu kutumia basi. Ila usiitume diski ya wagonjwa bila kuifunga. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, ile ni siri ya mtu.

Kosa kubwa kuliko yote halikuwa la saa wala la hesabu. Nilikuwa nimeweka data zote kwenye foleni moja. Asubuhi moja mzee alishuka basi la Mwanza akiwa na barua ya rufaa, akafika kliniki ya Dar, daktari akafungua kompyuta. Majibu ya damu yalikuwepo, CT haikuwepo. Ilipigwa jana yake mchana, usiku laini ikakatika, na programu ilipoendelea ikaanza na faili kwa mpangilio wa majina yake, kwa hiyo picha za mzee zilikuwa nyuma ya mamia ya picha za watu waliokuwa wamelala nyumbani kwao. Daktari akanipigia: "Kijana wangu, mgonjwa yuko mbele yangu." Nilizivuta zile picha kwa mkono. Zilichukua dakika nne na kidogo. Angeweza kuzikuta tayari.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza data itumwe lini, uliza nani anaisubiri. Kwetu imekuwa mafungu matatu. Rekodi zilizo kwenye hifadhidata yetu ya PostgreSQL, yaani usajili, majibu ya maabara na malipo, zinatumwa papo hapo, usiku na mchana, kwa sababu ni ndogo na kila mtu anazihitaji. Picha za mgonjwa aliyeandikiwa rufaa zinaondoka mara tu daktari anapobonyeza "rufaa", hata kama ni saa nne asubuhi na laini imebanwa. Nyingine zote zinangoja usiku kwa rsync, programu ya kunakili faili kati ya seva. Mchana rsync ikilazimika kufanya kazi, naibana kasi kwa --bwlimit=400. Kumbuka namba hiyo inahesabiwa kwa kilobaiti, si kilobiti, na ukichanganya unakosea mara nane. Weka na --partial, ili faili lililokatikia katikati libaki na kuendelezwa badala ya kuanza upya.

Matawi matatu yasianze kutuma kwa pamoja. Mwanzo kila tawi lilikuwa linasukuma la kwake kwa saa ileile, na yote yakagombania mlango mmoja wa Dar. Sasa Dar ndiyo inayovuta, tawi moja baada ya jingine, Mwanza kwanza kwa kuwa ndiyo yenye mzigo mzito. Kila kazi inapita kwenye flock -n, kwa hiyo ya leo haianzi kama ya jana bado inaendelea. Kabla ya hapo niliwahi kukuta rsync tano za tawi moja zikitembea pamoja, kila moja ikiipunguzia mwenzake kasi.

Mei 12, 2024 nyaya za baharini za upande wetu wa Afrika zilikatika, na intaneti ya nje ikawa ya kusuasua nchi nzima. Tulikuwa na nakala ya tatu Ujerumani, ikipokea kutoka Dar kupitia replication slot ya PostgreSQL. Slot ni ahadi: seva kuu haifuti logi yoyote (kumbukumbu ya mabadiliko) mpaka mpokeaji athibitishe ameipata. Mpokeaji akitoweka, ahadi inabaki palepale. Faili za megabaiti 16 zikarundikana kwenye pg_wal, folda ya logi hizo, na Jumatatu jioni diski ya Dar ilikuwa imebakiwa na asilimia 6. Diski ikijaa, seva kuu inasimama, na kliniki inasimama nayo. Niliifuta slot ya Ujerumani, na baadaye nikaijenga nakala ile upya kuanzia sifuri. Kama toleo lako la PostgreSQL ni la 13 au zaidi, weka max_slot_wal_keep_size, kikomo cha logi zinazotunzwa kwa ajili ya slot, leo hii, kwa sababu ukiiacha ilivyo haina kikomo. Ukiweka kikomo, nakala iliyochelewa mno utalazimika kuianzisha upya, na mimi naona heri hiyo kuliko seva kuu kuzimika.

Kuchelewesha nako kuna wakati wake. Kwenye seva moja ya nakala iliyoko Dar nimeweka recovery_min_apply_delay ya saa nne kwa makusudi, yaani inapokea mabadiliko lakini inayatekeleza baada ya saa nne kupita. Nakala ya papo hapo inanakili na makosa papo hapo: mtu akifuta jedwali, limefutwa kote ndani ya sekunde. Hizo saa nne ndizo ninazopata kuligundua kosa. Bakapu ya kila usiku inabaki kuwa bakapu. Seva hii haichukui nafasi yake.

Kupima uchelewaji, usitegemee muda wa muamala wa mwisho (badiliko la mwisho lililoandikwa) peke yake. Usiku kukiwa kimya, hakuna anayeandika kitu, na utadhani nakala imekwama. Kila tawi lina jedwali dogo lenye mstari mmoja unaoandika saa ya sasa kila dakika. Dar inausoma na kutoa tofauti.

Saa moja na nusu asubuhi ujumbe mmoja wa uchelewaji unaingia kwenye simu yangu: Mwanza imechelewa dakika 1, Mbeya dakika 1, Dodoma saa 9. Nikiona saa 9 nampigia mlinzi wa Dodoma kwanza kabla ya kampuni ya intaneti, kwa sababu mara mbili nimekuta swichi kubwa ilizimwa saa nne usiku, taa za nje zilipokuwa zinazimwa. Mara ya pili nilisafiri mwenyewe, nikabandika karatasi nyekundu juu ya swichi ya seva, nikakaa naye getini nikamweleza ni picha za akina nani zinazosafiri usiku.