Majani ya Kijitoni: Huyeyushwa, Huozwa au Humeng'enywa?

Swali: Niliandika kwamba "majani yaliyoanguka katika vijito vya baridi huyeyushwa na vijidudu". Mhariri akabadilisha "huyeyushwa" kuwa "huozwa". Nani yuko sahihi?

Jibu: "Huozwa" haifai kabisa. Kitenzi kuoza, chenye maana ya kuharibika, hakichukui yambwa (kinachotendwa): jani huoza lenyewe. Kuozwa kunatokana na kuoa, na anayeozwa ni bibi harusi. Ukitaka kumtaja mtendaji, tumia kauli ya kutendeshwa: majani huozeshwa na vijidudu.

"Huyeyushwa" nayo ina kasoro, japo ina chembe ya ukweli. Katika siku moja au mbili za kwanza, sukari na baadhi ya kemikali nyingine za jani huyeyuka na kuchukuliwa na mkondo, lakini hiyo ni kazi ya maji. Vijidudu, hasa kuvu za majini, hushika zamu baadaye. Spora za kuvu hizo, yaani chembe zake za uzazi, ambazo mtaalamu wa kuvu C. T. Ingold alizieleza nchini Uingereza mwaka 1942, nyingi zina mikono minne inayozisaidia kunasa kwenye jani; zikishanasa huota nyuzi zinazopenya ndani na kutoa vimeng'enya, yaani kemikali za kuvunjia chakula, ambavyo hukatakata pektini na selulosi zinazojenga kuta za seli za jani, huku lignini, sehemu iliyo ngumu zaidi, ikichelewa. Mchango wa bakteria huongezeka jani likishalainika. Kwa kuwa kuvu huvunja chakula chake nje ya mwili ndipo ikinyonye, kitenzi ninachokichagua bila kusita ni kumeng'enya, ambacho ndicho kilichozaa jina kimeng'enya.

Wapo pia wanaoandika "huvunda". Nawasihi waliache neno hilo hapa, kwa sababu uvundo ni harufu mbaya, na aghalabu huzuka pale oksijeni inapokosekana, ilhali maji ya baridi yanayotiririka hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu. Baridi hupunguza kasi ya kuvu bila kuikomesha kazi yake, kwa hiyo kiambishi hu- cha mazoea ulichokitumia kinastahili kubaki.

"Yaliyoanguka" si kosa, ila Kiswahili kina kupukutika, kitenzi cha majani yanayodondoka kwa wingi. Sentensi yako ningeiandika hivi: "Majani yaliyopukutikia katika vijito vya baridi humeng'enywa polepole na kuvu na bakteria."